Mpagazi Abadilike, Mzigo Ubaki

Katika karne ya kumi na tisa, misafara mingi iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilivunjwa Tabora. Wapagazi wa pwani walilipwa ujira wao, wengine wakaajiriwa, na mizigo ikafungwa upya. Mpagazi mmoja aliweza kuchukua kiasi cha frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Mkuu wa msafara mwenye busara alihesabu kila robota kabla ya kuondoka, kwani mali hupotea zaidi inapohama kutoka bega moja kwenda jingine.

Funzo hilo lawafaa vijana wanaojenga dunia za kubuni katika kompyuta. Mchezo wa Minecraft, uliotolewa rasmi mwaka 2011, humwezesha mchezaji kujenga kwa michemraba, na kikundi chaweza kuwa na seva yake binafsi kikajenga pamoja. Wala huu si mchezo wa kupotezea wakati tu. Mwaka 2012 UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa lenye makao makuu Nairobi, lilianza kushirikiana na kampuni ya Mojang ili wananchi waubuni kwa mchezo huo mpango wa viwanja vyao vya umma. Kibera ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza.

Chukua mfano wa shule ya sekondari huko Choma, mkoani Tabora. Wanafunzi wake wangeweza kuijenga katika seva yao tembe ya Kwihara, alimokaa Livingstone mwaka 1872 akingoja wapagazi: kuta za udongo, nguzo za miti, na paa la bapa. Kwa kazi kama hiyo hutumiwa programu ya kujengea, kama WorldEdit, ambayo hunakili ukuta mzima na kuubandika kwingine kwa amri chache.

Je, programu hiyo ikibadilishwa, tembe itasalimika? Jibu limo katika jinsi ilivyoandikwa. Kabla ya toleo la 1.13 la mwaka 2018, Minecraft ilivitambua vitu kwa namba: 3 ni udongo, 5 ni mbao, 17 ni gogo. Toleo hilo liliziondoa namba na kuweka majina. WorldEdit mpya huzisoma nakala za zamani na kuzitafsiri, lakini ile ya zamani haizisomi nakala mpya. Tena, dunia ikishageuzwa na toleo jipya, kurudi nyuma si salama. Zaidi ya hayo, WorldEdit isipoagizwa waziwazi haichukui wanyama wala picha za ukutani.

Wako wasemao kwamba dawa ni kutobadili kitu. Rai hiyo haina nguvu. Mwezi Septemba 2014, usambazaji wa Bukkit, programu iliyoendesha seva nyingi za binafsi, ulisimama baada ya mmoja wa waliochangia kuiandika kudai hakimiliki yake. Mpagazi akiutua mzigo njiani, mwenye mali hana hiari ila kutafuta mwingine.

Lililo bora ni kuhama kwa utaratibu wa kisayansi. Kwanza, dunia nzima inakiliwe, na nakala iwekwe mbali na seva. Pili, jaribio lifanywe juu ya nakala, si juu ya kazi yenyewe. Tatu, wanafunzi wahesabu kabla na baada: milango mingapi, nguzo ngapi, picha ngapi. Nne, vipimo na michoro ya jengo viandikwe daftarini, kwa lugha isomekayo bila programu yoyote.

Hatua ya nne ndiyo wengi huidharau, nayo ndiyo kuu. Namba 17 bila ufunguo wake ni sawa na mbili isiyosema kama ni frasila au kilo. Mwalimu atakayewazoeza vijana kuandika maana pamoja na hesabu atakuwa amewapa elimu itakayowafaa maabarani na kazini, hata mchezo wenyewe utakapokuwa umesahauliwa.