Referandumu inasemwa kila fasi, na kiti cha Watwa kiko wapi?

Tangu Rais Félix Tshisekedi aliposema kule Kisangani, tarehe 23 mwezi wa kumi 2024, ya kama Katiba yetu haifanane tena na hali ya inchi na ya kama ataweka komisyo ya kuiangalia, kwenye mashimo na kwenye barza za Kasongo na Kabambare hakuna habari ingine. Asubuhi ni Katiba, magaribi ni Katiba. Wamoja wanasema yote ni njia ya kutafuta mandat ya tatu. Wengine wanajibu ya kama ile Katiba ya 2006 ililetwa na wageni, na wananchi wana haki ya kuandika yao. Ile vita ya wakubwa sitaiingilia sana leo. Nataka tuzungumuze swali lingine, lililoanza kama mzaha kwa wachimbaji: kama tunaitwa kupiga kura ya referandumu, Watwa nao watapewa viti vyao ao hapana?

Swali si la mzaha. Watwa wako kwetu, Maniema ya kusini, tangu mbele ya mababu zetu. Mchimbaji anawajua vizuri. Ndio wanajua njia za msitu, ndio wanabeba magunia kutoka shimoni mpaka fasi ya kuosha, na siku ya kugawa, ndio wanapewa kidogo ao wanapewa chumvi na pombe. Mimi niko katika sendika miaka mingi, na kwenye liste za wachimbaji nilizoshika mkononi jina la Mtwa ni haba kuliko dhahabu yenyewe.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Sheria inasema «peuples autochtones pygmées», watu wa asili Wapigme. Lakini kwetu kila mtu ni otoktoni, hasa siku kampuni inatafuta wafanyakazi. Siku ile Mbangubangu ni otoktoni, Mbuyu ni otoktoni, Mhombo ni otoktoni, na ukivuka upande wa Kasongo, Mkusu na Mzimba nao wanatoa ushuhuda wa makaburi ya wazee wao. Wabelgiji walituita sisi wote «indigènes», na halikuwa jina la heshima. Leo tunaligombania. Sheria yenyewe imechagua maana moja: wale wa kuwinda na kuokota, wanaoshikamana na msitu. Kwa hiyo tukisema hapa watu wa asili, tunasema Watwa, na ndugu zao Wambuti na Wambote.

Ile sheria ni namba 22/030 ya tarehe 15 mwezi wa saba 2022, Rais aliitia mkono. Inasema Wapigme wana haki juu ya ardhi na mali ya asili wanayoishi nayo ao wanayotumia, na ya kama hawawezi kuhamishwa bila wao kupashwa habari mbele na kukubali kwa hiari. Ni maneno makubwa. Na Katiba, artikle 51, tangu 2006 inaiagiza Serikali kulinda makundi dhaifu na watu walio wachache. Sasa mtu wa kukumbusha hayo pale mambo yanapokatwa ni nani? Kwenye Bunge la Kinshasa, Katiba haitengi hata kiti kimoja kwa Watwa. Kwenye Bunge la jimbo kule Kindu, vilevile.

Hapa ndipo pana jambo ambalo wengi hawalijui. Viti ambavyo havipite kwa kura ya wananchi viko. Artikle 197 ya Katiba inakubali wabunge wa jimbo wengine wachukuliwe bila uchaguzi wa watu wote, wasipite sehemu moja ya kumi ya Bunge. Na sheria ya uchaguzi imesema viti hivyo ni vya masultani, machifu wa kimila. Sipingi. Lakini angalia nani ana sultani anayetambuliwa na Serikali. Wabelgiji, kwa dekreti ya mwaka 1910, walipanga inchi kwa machifu, na kwa ile ya 1933 wakakusanya makabila madogo ndani ya sekta. Mtu wa kuhamahama msituni hakuhesabiwa kuwa na inchi. Alihesabiwa kama mtu wa fulani, «Watwa wa sultani fulani», sawa vile unasema mbuzi wa fulani. Uhuru ulikuja mwaka 1960, ile hesabu ikabaki. Ndiyo maana mlango wa kimila, ambao kwa wengine uko wazi, kwa Mtwa una kufuli.

Mlango wa kura nao ni muzito. Kuna pesa ya kosyo, na kuna kiwango ambacho chama kinapaswa kukifikia katika inchi nzima, 1 kwa 100 kwa wabunge wa taifa. Mtu ambaye hana hata akti ya kuzaliwa atafikia wapi? Bila hati ni vigumu kupata karte ya uchaguzi, na karte ya uchaguzi kwetu ndiyo kitambulisho. Bila kitambulisho atajulisha namna gani ya kama ni Mkongomani aliyekomaa? Na karte ya mchimbaji inatolewa kwa Mkongomani aliyekomaa tu. Ataingia shimoni bila karatasi, na polisi wa migodi anajua vizuri mtu bila karatasi anaonewa namna gani.

Mtaniuliza: na sisi wachimbaji inatuhusu nini? Inatuhusu kwa mfuko. Kodeksi ya migodi iliyobadilishwa tarehe 9 mwezi wa tatu 2018 inasema dhahabu inalipa 3,5 kwa 100 ya bei yake. Kampuni ikiuza dhahabu ya dolari 1 000 000, inatoa dolari 35 000. Kinshasa inachukua nusu, 17 500. Jimbo 8 750. Mfuko wa vizazi vitakavyokuja 3 500. Na sekta ao sheferi ambamo mgodi uko inapata 15 kwa 100, ndiyo dolari 5 250. Kando ya ile kuna 0,3 kwa 100 ya mauzo kwa maendeleo ya wenyeji, dolari 3 000 nyingine, pamoja na ahadi za masomo, maji na barabara ambazo kampuni inaandikiana na wenyeji. Wale «wenyeji» wanaokaa mezani ni akina nani? Sultani, chifu wa sekta aliyewekwa na Serikali, wanotabo. Baraza za sekta hazijachaguliwa hata siku moja tangu Katiba ya 2006. Mtwa hayuko, lakini hata mke wa mchimbaji wa Salamabila hayuko! Anayesema kiti cha Mtwa si shauri letu ajiulize kama yeye mwenyewe amekwisha kuona karatasi ya zile dolari 5 250.

Tena msitu ukipewa kampuni bila wenye kuutumia kusikilizwa, ugomvi unakuja, na ugomvi ukija ni sisi tunapoteza kazi. Namoya ilianza kuuza dhahabu kwa ukubwa mwaka 2016, na mwaka 2019 kazi ikasimamishwa kwa sababu ya usalama. Sisemi ilikuwa mambo ya Watwa, hapana, pale ilikuwa hadisi ingine. Nasema tunajua ladha ya mgodi uliofungwa.

Na jirani zetu wa Tanganyika wanajua ladha ya mabaya zaidi. Kule Nyunzu na Kalemie Watwa na Waluba walikatana na kupigana mishale kwa miaka, vijiji vikaungua, watu wakakimbia kwa maelfu. Kati ya yale Watwa waliyodai ni kutoonewa tena na kuwa na watu wao katika uongozi. Kutoka Kabambare mpaka kule si mbali.

Sasa tuangalie wengine walifanya namna gani. Burundi walipiga referandumu tarehe 28 mwezi wa pili 2005, na Katiba ile iliwapa Watwa viti vitatu katika Bunge na vitatu katika Senati. Walipopiga ingine mwaka 2018, vile viti vilibaki. Lakini tusidanganyike: Warundi hawakuulizwa «Munataka kuwapa Watwa viti?» Waliulizwa juu ya amani nzima iliyotoka Arusha, na viti vya Watwa vilikuwa ndani ya mfuko ule. Rwanda, Katiba ya 2003, nayo ilipita kwa referandumu. Kule Rais anachagua wasenata nane, na anapaswa kuangalia wale walioachwa nyuma na historia. Sipendi sana njia ile, kwa sababu anayewekwa na mkubwa anasema sauti ya mkubwa.

Australia ndiyo waliuliza swali peke yake. Tarehe 14 mwezi wa kumi 2023 raia waliulizwa kama watu wa asili wa inchi ile wapate baraza la kushauri Bunge. Kushauri tu, bila nguvu ya kukataza sheria. Karibu 60 kwa 100 walijibu hapana, na majimbo yote sita yalikataa. Watu wa asili kule hawafiki hata 4 kwa 100. Na ile ni inchi ya migodi kama yetu: mwaka 2020 kampuni Rio Tinto ililipua mapango ya Juukan Gorge, penye alama za watu za zaidi ya miaka 46 000, ili kuchimba chuma. Sheria ya jimbo ilikuwa imeiruhusu. Wenyeji walikuwa wamelia, lakini kulia si sawa na kuwa na kiti.

Kwa hiyo wale wanaosema «tungoje referandumu, wananchi wataamua juu ya Watwa», mimi siwafuati. Ukiwauliza watu mia juu ya haki ya watu watatu, unajua jibu mbele ya kufungua sanduku. Na zaidi, referandumu hailazimishwe. Sehemu moja ya kumi iko tayari katika Katiba. Ni sheria ya uchaguzi ndiyo imeigeuza ya masultani peke yao, na sheria ya uchaguzi inabadilishwa na Bunge. Imekwisha kubadilishwa mara nyingi. Mwaka 2022 waliiandika ya kama liste yenye nusu ya wanawake hailipi kosyo. Kama waliweza kwa wanawake, kwa Watwa wanazuiwa na nini?

Wako wanaopinga kwa moyo safi, nimewasikiliza. Wanasema: ukitoa kiti kwa kabila moja, kesho kila kabila litaomba chake. Woga huo si wa bure, hapa Maniema tunajua ginsi kabila linatumiwa. Lakini Mbangubangu ana sultani, ana mbunge, ana ndugu katika biro ya teritware. Haombe kiti cha kuingilia, yuko ndani. Wengine wanasema Mtwa atanunuliwa na wakubwa. Inawezekana. Na wale wengine, hawanunuliwe? Kwangu ugumu wa kweli ni mwingine: nani atamchagua yule Mtwa wa kukaa Kindu? Akichaguliwa na sultani wa bwana wake, hatujafanya kitu. Wachague wenyewe, kijiji kwa kijiji, na mbele ya yote waandikishwe wapate hati. Kazi ile inaweza kuanza bila Katiba mpya.

Kikao cha Bunge la taifa kinafungwa tarehe 15 mwezi wa kumi na mbili, kisha wabunge wanarudi kwetu likizo. Watapita Kasongo, wengine watafika mpaka Kabambare kama barabara inakubali. Watatuuliza Ndiyo ao Hapana juu ya Katiba. Sisi tuwaulize ni nani kati yao atapeleka mabadiliko ya sheria ya uchaguzi juu ya viti vile, na Watwa wawepo kwenye mkutano, wakae mbele, wasiwe wa kubeba viti vya wageni.