Chana za Kambini

Akina mama wenzetu, mabinti wa madrasa walipopiga kambi mwaka jana, tulitia nyanya na ukwaju mapema tukitaraji mchuzi ukolee. Isha ikatukuta chana zingali kokoto, na watoto wakalala kwa chai na mkate. Tuliona haya.

Kumbe ukali wa nyanya na ukwaju huzizuia chana kulainika, na maji ya kisima yenye chokaa nayo huzichelewesha. Mwaka huu tuliroweka kilo 2 usiku kucha kwa watu 25, tukachemsha kwa maji ya mvua na magadi kidogo (yakizidi huharibu ladha) hadi zikabonyea kwa vidole. Ndipo tukatia kitunguu cha kukaanga, bizari, nyanya, na mwisho tui zito. Mabinti waliifuta sufuria kwa mkate.