Mkarafuu Hukodishwa, Shamba Haliuzwi

Miaka kadhaa iliyopita alikuja ofisini kwangu, Mlandege, kijana mmoja mchoraji, kikombe mkononi. Nikadhani kaja na chai yake. Kumbe kikombe ni kitupu, na ubavuni mwake pana jahazi lenye tanga la viraka, linaingia bandarini jioni. Jahazi lile ni kazi ya mkono wake. Miaka mitatu kabla ya siku hiyo aliliuzia duka moja la watalii Mji Mkongwe mchoro wenyewe kwa shilingi 80,000. Sasa alikuwa ametoka kununua kikombe kwa shilingi 15,000 zake mwenyewe, apate ushahidi. Fulana zenye jahazi lilelile zipo pia, aliniambia, na mikoba ya kitambaa, na sumaku za kubandika kwenye friji.

"Mama, wameniibia."

Nikamwomba karatasi aliyopewa siku ya kuuza. Akatoa risiti ya kaboni iliyofifia: amepokea shilingi 80,000 kwa mchoro mmoja wa jahazi. Basi. Nilipomwendea mwenye duka, naye alikuwa na nakala ya risiti ileile, na anaapa kwamba alinunua jahazi, tanga, bahari na kila kilichomo. Watu wawili, karatasi moja, na kila mmoja anaisoma apendavyo kwa kuwa haikuandikwa kitu cha kusomwa.

Kazi yangu ni kuandika hicho kisichoandikwa. Nawasaidia wachoraji, wapiga picha, watunzi wa nyimbo na wabunifu wa kanga kukodisha kazi zao badala ya kuziuza. Nikiulizwa harusini nafanya kazi gani, hujibu kuwa nakodisha michoro, na watu hudhani nina duka la mapambo. Leo nawaandikia vijana waliomaliza vyuo na wanazunguka na bahasha za kaki: hii hapa ni kazi, na watu wa kuifanya hawapo.

Kukodisha nilijifunza Pemba kabla sijalijua neno hakimiliki. Babu yangu alikuwa na mikarafuu upande wa Wete. Msimu ukikaribia naye mkono umemkauka, alikodisha. Mkodi alikuja, wakapita mti kwa mti wakitazama ulivyobeba, kisha wakaandikiana mbele ya mashahidi: miti mingapi, msimu upi, fedha kiasi gani, zitolewe lini. Mkodi akaleta wachumaji wake, akawalipa kwa pishi, akaanika karafuu juu ya majamvi, akauza. Msimu ulipokwisha aliondoka na karafuu. Mkarafuu aliuacha umesimama.

Na babu alikuwa na jambo moja ambalo hakukubali lisahauliwe: makonyo. Vile vikonyo vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa navyo vina soko lake, hukamuliwa mafuta. Karatasi ya babu ilitaja waziwazi kwamba karafuu ni za mkodi na makonyo ni ya mwenye shamba. Na mchumaji akivunja tawi, mkodi alilipe.

Nina vitabu vya sheria rafuni, lakini sijaona mkataba mzuri wa leseni ulioishinda karatasi ile. Unasema nini kinakodishwa, kwa matumizi gani, mahali gani, kwa muda gani, kama mwingine naye anaruhusiwa kukodi, na malipo ni kiasi gani na lini. Matumizi yasiyotajwa ni makonyo, hubaki kwa mwenyewe. Tawi lililovunjwa ni mchoro uliokatwa kichwa ili uenee kwenye fulana, au jina la msanii lililofutwa pembeni.

Kwa kijana wa jahazi, hatukumpeleka mtu mahakamani. Nilimweleza mwenye duka kuwa anayenunua mchoro hununua ule mchoro wa kutundika ukutani. Haki ya kuunakili hubaki kwa aliyeuchora mpaka aitoe mwenyewe. Alikunja uso, tukanywa kahawa mara tatu, mwisho akakubali kulipia vikombe na fulana alizokwisha kuuza. Kisha tukaandikiana upya: vikombe na fulana peke yake, Unguja na Pemba, miaka miwili, mrabaha wa asilimia 8 ya bei ya jumla kila miezi mitatu, na jina la mchoraji chini ya kikombe. Mikoba tukaiacha nje. Miezi michache baadaye kikundi cha akina mama washonaji kilikuja kuikodi. Hayo ndiyo makonyo.

Nami sikuianza kazi hii kwa busara. Nilikuwa mpiga chapa katika duka la fotokopi Darajani, nikiwachapia watu barua za maombi na mikataba ya nyumba. Wasanii walikuja na karatasi walizopewa na kampuni watie saini, nyingi kwa Kiingereza, na kwa kuwa niliwahi kusoma kidogo, wakaniomba niwatafsirie kabla ya kuzichapa nakala. Nikawa naona sentensi ileile inajirudia: haki zote, dunia nzima, milele. Mpiga picha anapewa shilingi 50,000, na picha yake inaondoka dunia nzima, milele. Nikaanza kuwaambia wakaombe sentensi hiyo ibadilishwe. Wengine walirudi wamekubaliwa, nami nikashangaa kuona kuwa kumbe watu wenye makoti nao hukubali wakiombwa.

Mkataba wa kwanza nilioandika mwenyewe niliuharibu. Ulikuwa wa picha za kalenda ya kampuni moja. Nilitaja picha, nikataja bei, nikataja na jina la mpiga picha liandikwe wapi. Mwisho wa muda sikuutaja. Kampuni ikazitumia picha zilezile kwenye mabango, na kila nilipolalamika nilijibiwa kwa upole niwaoneshe palipoandikwa lini waache. Mjukuu wa mkodishaji mikarafuu nimesahau kuandika msimu! Yule mpiga picha alinisamehe. Mimi bado nayaona mabango yale ndotoni.

Mikataba ya michoro, hata hivyo, ni myepesi. Kazi ngumu ni muziki. Aje mtengeneza filamu kutoka Ulaya, aseme anataka sekunde 40 za taarab ya zamani, aliisikia kwa dereva wa teksi. Anadhani anatafuta mtu mmoja. Wimbo mmoja una mali mbili: utungo, yaani maneno na sauti yake, na rekodi, yaani siku ile walipokaa mbele ya maikrofoni. Maneno yalitungwa na mshairi aliyekwisha kufariki. Sauti iliwekwa na mpiga udi wa chama chake. Aliyeimba ni mwingine. Waliorekodi ni wengine, na utepe umelala kwenye kabati la watu wa nne. Filamu inahitaji ruhusa ya pande zote, na upande mmoja ukikaa kimya, sekunde zile 40 hazitoki.

Hapo ndipo huvaa viatu vya kutembelea. Nakwenda Ng'ambo kumtafuta binti wa mshairi, naambiwa kahamia Dar es Salaam. Nampata kwa simu, ananiambia nisiongee naye peke yake, wako warithi sita. Nakaa nao barazani. Kaka mkubwa anataka fedha yote mkononi leo, mdogo wao ananiuliza mimi ni nani hata nije kuuza wimbo wa baba. Swali la haki kabisa. Namweleza kuwa wimbo hauuzwi, na kwamba kwa sheria ya Tanzania Bara haki ya mtunzi huishi miaka 50 baada yake, kwa hiyo wakikodisha leo kwa filamu hii, kesho watakodisha kwa nyingine. Ilinichukua miezi minne. Sekunde 40 zililipa ada ya shule ya wajukuu wawili wa mshairi. Hakuna kompyuta itakayokaa barazani kwa niaba yangu.

Kuna jambo jingine ambalo mgeni wa kazi hii huchelewa kulijua: hakimiliki si jambo la Muungano. Bara ina sheria yake ya mwaka 1999 na ofisi yake, COSOTA. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003 na ofisi yake, COSOZA. Kanga ikibuniwa Unguja na kuuzwa Kariakoo, mkataba wake uvuke maji pamoja na bidhaa. Ukiandika "Zanzibar" peke yake, Kariakoo ni makonyo. Ukiandika "Tanzania", hakikisha umetaja pande zote mbili.

Mwenye kuuza shamba zima hupata nini? Nawapa wasanii wangu habari ya Solomon Linda. Mzulu huyu alirekodi wimbo "Mbube" Johannesburg mwaka 1939, na haki zake zikaenda kwa kampuni ya kurekodi kwa shilingi 10. Wimbo ukasafiri. Marekani ukageuzwa kuwa "The Lion Sleeps Tonight", kikundi cha The Tokens kikautia juu ya chati mwaka 1961, na mwaka 1994 ukasikika katika filamu ya Disney, "The Lion King". Linda alikufa maskini mwaka 1962. Binti zake walikuja kuokolewa na kifungu cha sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyokuwa ikitumika katika makoloni yake: miaka 25 baada ya mtunzi kufa, haki zilirudi kwa warithi wake. Kesi ilifunguliwa mwaka 2004, na mwaka 2006 wakapatana na waliokuwa wakiushika wimbo. Mti ulirudi kwa wenyewe, lakini baada ya msimu kupita kwa miaka na miaka. Karatasi ya babu ilirudisha miti kila mwaka, bila wakili.

Najua pia mipaka ya kazi yangu, na kijana anayeitaka aijue. Mtindo haukodishwi. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi ya baiskeli juu ya ubao, akafa mwaka 1972, na leo mamia wanachora chui na ndege kwa namna yake. Mwaka 2010 watoto wa Uingereza walitazama katuni zilizotengenezwa Nairobi kwa sura ya michoro hiyo. Hakimiliki hailindi namna ya kuchora chui. Hulinda chui huyu, uliyemchora wewe, siku hii. Ndiyo maana nawahimiza watu wangu watie saini, waandike tarehe, wapige picha kila kazi kabla haijatoka mlangoni. Asiye na kumbukumbu hana cha kukodisha.

Wafanyabiashara wetu walilijua hili zamani. Itazameni kanga ya Mombasa yenye maandishi ya K.H.E., Mali ya Abdulla. Mwenye biashara alihakikisha kila mwanamke anayejifunga anatangaza mali ni ya nani. Simlaumu, namsifu. Lakini mkono uliochora korosho ile na maua yale hamuujui, nami siujui.

Wapo wanaoniita dalali. Neno hilo lina vidonda, maana tumewaona madalali wa viwanja na wa nyumba. Nawajibu kwa utaratibu wangu. Nachukua asilimia 15 ya kile kilichoingia, kisipoingia sichukui. Fedha huingia kwanza kwa msanii, kisha yeye hunipa changu. Nakala ya mkataba anayo yeye, kwa Kiswahili, na haki haiandikwi kwa jina langu hata siku moja. Wakala anayetaka haki zihamie kwake "kwa urahisi wa kusimamia", mkimbieni. Huyo hajaja kukodi, amekuja na kamba ya kupimia shamba.

Nayo si kazi ya utajiri wa haraka. Mwaka wa kwanza nilikula kwa fotokopi. Wa pili niliishi nusu kwa fotokopi na nusu kwa mirabaha. Ulipofika wa nne ndipo nikafunga mashine. Ila mkataba ulioandikwa vizuri hulipa kila miezi mitatu hata ukiwa umelala na homa, msanii analipwa nawe unalipwa.

Basi nina maombi matatu. TaSUBa kule Bagamoyo na vyuo vyetu vingine vya sanaa viwakutanishe wanafunzi na wanafunzi wa sheria na wa uhasibu kwa muhula mmoja, waandikiane mikataba ya kweli kwa kazi za kweli. COSOTA na COSOZA zikae meza moja zitoe mkataba wa mfano wa ukurasa mmoja, Kiswahili cha kawaida, unaofaa pande zote mbili za maji, na zisambaze mpaka kwenye maduka ya fotokopi, maana ndiko wasanii wanakokwenda. Na kijana uliyesoma sheria, hesabu au hata Kiswahili tu, tafuta msanii mmoja mtaani kwako, mwombe akuoneshe karatasi alizowahi kutia saini. Utapata shule yako ya kwanza, na huenda ukapata na mteja.

Babu alifariki zamani. Shamba tumerithi watu wengi, kila mmoja na miti yake michache. Msimu uliopita tuliikodisha tena, kwa karatasi ya namna ileile, makonyo yakiwa yetu. Mgao wangu haukuwa mkubwa. Nilinunulia printa ya ofisini, na mkataba wa kwanza kutoka ndani yake ulikuwa wa jahazi lenye tanga la viraka, limekodiwa tena, miaka miwili mingine.