Kwani lazima kila haiki iwe mlima?

Sisi vijana wa Nairobi tumekubaliana kwamba haiki ni kuteseka. Jumatatu swali ni moja tu: "Mlifika juu?" Ukisema Longonot, mita 2,776, watu wanaitikia kwa adabu. Ukisema Elephant Hill wanakuangalia kama mtu ametoka jela. Ukisema ulienda Nyeri ukatembea kando ya mto kwa masaa matatu, ukala mayai boilo, ukarudi na magoti yako mazima, mtu anakuuliza, "Hiyo ilikuwa haiki ama ulitumwa dukani?"

Mimi naona tumekosea hesabu. Njia za chini, za kando ya mto na katikati ya mashamba, zinahitaji miguu yetu kuliko kilele chochote. Longonot itakuwa pale mwaka ujao. Njia ya mtoni inaweza kuzibwa na seng'enge wiki ijayo, na hakuna mtu atapost.

Nitumie Nyeri kama mfano, kwa sababu pale historia imejaa kwa eneo dogo sana. Ni mji uliowekwa na Waingereza 1902, kama kilomita 150 kutoka Nairobi. Mto Chania unatoka milima ya Aberdare na kupita bondeni chini ya mji. (Usichanganye na Chania ya Thika, ile ya maporomoko. Jina moja, mito miwili, yote inatoka Aberdare na maji yake yanaishia Tana.) Pale mjini kuna makaburi alikozikwa Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, aliyefariki Januari 1941. Kwenye jiwe lake kuna duara lenye nukta katikati, alama ya njia ya maskauti inayomaanisha "nimeenda nyumbani". Watalii wengi wanapiga picha hapo, wanaingia gari, wanaenda kutafuta ndovu. Nyeri imeisha.

Sasa toka mjini kwa miguu, uelekee Tetu polepole. Hapo ndio mambo yanaanza kuingia akilini. Dedan Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa huku, ukingoni mwa msitu, tarehe 21 Oktoba 1956. Shuleni tulifundishwa hiyo tarehe kama namba ya simu. Ukitembea ndio unaona vile msitu na vijiji viko karibu, vile mtu mwenye njaa angeona moshi wa jikoni akiwa bado mitini. Na unaelewa kwa nini wakoloni walilazimisha watu kuchimba mtaro mrefu kati ya msitu na vijiji. Walikuwa wanakata hiyo njia fupi ya chakula. Ukiwa kileleni hauoni hiyo kitu. Ukiwa kwa gari ndio kabisa.

Halafu kuna Ihithe, kijiji alikozaliwa Wangari Maathai mwaka wa 1940. Kwa kitabu chake, Unbowed, anasimulia mgumo uliokuwa karibu na kwao na kijito alichokuwa akichota maji akiwa mtoto, akicheza na mayai ya chura. Alipokua akarudi, akapata mwenye shamba mpya amekata ule mgumo ili apande majani chai. Kijito kilikuwa kimekauka. Fikiria hiyo kidogo. Mwanamke aliyeanzisha Green Belt Movement 1977 na kupewa Nobel 2004 alijua maji yameenda kwa sababu miguu yake ilikuwa inajua yalikuwa wapi. Sasa wewe na mimi tutajuaje kijito kimekufa kama hatujawahi kukiona kikiwa hai?

Hapa ndio sheria inaingia, na nivumilie kidogo kwa sababu wengi wetu hatujui hii. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inaweka mito kwenye ardhi ya umma. Mto ni wetu sote. Lakini ukingo mara nyingi uko kwa hati ya mtu. Kanuni za maji zinataka kila upande uachwe hifadhi ya angalau mita 6 na isiyozidi mita 30, kulingana na upana wa mto. Poa, lakini angalia vizuri: hizo kanuni zinamwekea mwenye shamba mipaka ya anachoweza kufanya hapo. Hazikupi wewe ruhusa ya kupita. Kuna pia haki ya njia inayopatikana watu wakiitumia wazi, bila kukatizwa, kwa miaka 20, lakini hiyo inawalinda majirani wenye mashamba, sio mgeni wa Jumamosi mwenye raba mpya.

Kwa hivyo njia nyingi za mtoni zipo kwa sababu shosho fulani bado anapitia hapo kwenda sokoni, watoto wanapitia kwenda shule, na mwenye shamba hajaona haja ya kuwafungia. Siku kila mtu atapanda boda, njia itamea nyasi, mtu ataongeza laini mbili za nduma, na imeisha hivyo. Hakuna mkutano, hakuna ilani.

Najua mtu atasema, "Na tukijaa huko, si tutaharibu?" Ndio, tutaharibu, tukienda vile tunaenda Ngong. Watu 60 na spika kwa shamba la mtu ni fujo. Nendeni watu sita, wanane hivi. Zima muziki. Salimia kila mtu mzima unayepita, na ukiweza sema "wĩ mwega" hata kama matamshi yako ni ya Umoja. Mwenye shamba akisema hapana, geuka. Na ile pesa ungempa kiongozi wa kundi kutoka Nairobi, mpe kijana wa pale pale awaongoze. Anajua daraja gani la magogo limeoza na nani ana mbwa. Wasichana wenzangu, huyo kijana muulizieni kwanza kwa watu wa duka, halafu muende mkiwa kikundi. Sitadanganya kwamba kando ya mto ni salama kwa kila mtu kila saa.

Na sisi wa kamera, tafadhali. Mama anafua nguo mtoni, hiyo ni nyumbani kwake. Drone ikae kwa begi.

Ningependa sana kaunti ikae chini na wakulima wakubaliane njia moja tu, hata ya kilomita tano, iwekwe alama za rangi kwa mawe, na wenye mashamba walipwe kitu kidogo kila mwaka kwa kuiacha wazi. Hiyo haihitaji ukuta wala geti la kiingilio. Mtu mwenye pumu anaweza kutembea hapo, guka wako pia, na yule rafiki yako aliyeachwa nyuma Elephant Hill akalia peke yake.

Kama unaenda Aprili ama Mei, vaa gambuti, ule udongo mwekundu hauna huruma. Na uliza wenyeji kama imenyesha Aberdare. Jua linaweza kuwa linawaka juu ya kichwa chako na Chania bado ikapanda, kwa hivyo ukiona maji yamebadilika rangi, toka bondeni kwanza, picha baadaye.