KAZI NA MAISHA: Mtunzi wa Programu Katika Maktaba

Mama mmoja wa Jinja anatuuliza: binti yake amehitimu masomo ya kompyuta, naye ameitwa kazini katika maktaba ya chuo kimoja mjini Mbale. Jamaa wanamcheka. Wanasema maktaba ni mahali pa kupangusa vumbi, na kwamba ni afadhali angojee kazi ya benki Kampala. Je, amwache aende?

Mama mpendwa, twaona yafaa aende, ila aende akijua aendako.

Kwanza tuiondoe dharau hiyo. Henriette Avram, Mmarekani, alikuwa mtunzi wa programu asiyesomea ukutubi. Alipoingia katika Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 1965, ilimpasa ajifunze kwanza maana ya kila mstari wa kadi ya kitabu. Kutokana na juhudi hiyo ulizaliwa MARC, utaratibu wa kuandika habari za kitabu ili kompyuta iweze kuzisoma, ambao ungali unatumika duniani. Binti na aifuate njia hiyo. Miezi yake ya kwanza akae mezani pamoja na wakutubi, aorodheshe vitabu kwa mkono wake, awatazame wanafunzi wanapoazima na kurudisha.

Pili, asitunge upya kilichokwisha kutungwa. Iko programu ya maktaba iitwayo Koha, neno la Kimaori lenye maana ya zawadi. Ilitengenezwa New Zealand mwaka 1999, ikaanza kazi Januari 2000, na hutolewa bila malipo. Kijana anayetunga programu yake peke yake huiachia maktaba mzigo siku anapohama, kwa kuwa hakuna mwingine awezaye kuitengeneza. Bali anayeirekebisha Koha na kuyarudisha marekebisho kwa watunzi wenziwe huonekana na watu wa mbali, na kazi yake humshuhudia hata akiwa Mbale.

Tatu, ayatazame mambo ya kwao. Programu nyingi za kigeni hudai jina la ukoo. Lakini katika Busoga na Bugisu watoto wa baba mmoja huweza kuwa na majina yasiyofanana, na mtu yule yule huandika leo jina hili mbele, kesho lile. Asipoweka kanuni moja, msomaji mmoja atakuwa na kadi mbili, na deni la vitabu halitajulikana ni la nani. Umeme nao hukatika. Kwa hiyo nakala ya kumbukumbu zote itunzwe kila siku, na nyingine iwekwe nje ya jengo. Tena akumbuke kwamba sheria ya Uganda ya mwaka 2019 inalinda habari za watu binafsi: alichoazima msomaji si habari ya kuzungumzwa sokoni.

Nne, kabla ya kutia sahihi aulize kwa adabu: cheo changu ni kipi, na baada yake kipo kipi? Msimamizi wangu ni mkutubi mkuu au idara ya kompyuta? Nani atalipia intaneti? Majukumu yake yaandikwe, la sivyo atajikuta siku nzima akitengeneza mashine za kuchapia, na mwaka utakwisha hajatunga lolote.

Hatufichi kwamba nafasi za namna hii ni chache. Mbale kuna Chuo Kikuu cha Kiislamu, kilichofunguliwa mwaka 1988, na kitivo cha afya cha Chuo Kikuu cha Busitema. Mijini kuna maktaba za umma, ambazo mifuko yao si minene. Kwa sababu hiyo binti ashike ujuzi unaohamishika: hifadhi za data, mitandao na usalama wake. Ujuzi huo huo hutakiwa hospitalini na benki. Akipenda kuendelea na ukutubi, Makerere imekuwa na shule ya fani hiyo tangu mwaka 1963.

Basi, mama, mpe miaka miwili. Katika muda huo aandike maelezo ya kila alichokifanya, na amfundishe mkutubi mmoja hata aweze kuendesha mambo bila yeye. Akihama, maktaba isisimame. Hiyo ndiyo sifa itakayomtangulia aendako.