MANENO YETU: Kutengenezeka

Mwezi huu twataka kuliangalia neno "kutengenezeka", maana twasikia likitumiwa pasipo fikira.

Juzi tulikuwa Nyamisati, pale vyombo vinapoondoka kwenda Mafia. Mzee mmoja alimletea fundi mtumbwi wenye ufa, akasema, "Mwanangu, huu umekwisha." Fundi akaugonga, akasikiliza, akajibu, "La, baba. Umepasuka, lakini watengenezeka. Nitatia kiraka na kalafati."

Tazameni maneno yake mawili. Yote yana mwisho mmoja, lakini maana zao ni mbalimbali. "Umepasuka" lataja hali iliyokwisha kuwapo. "Watengenezeka" lataja jambo liwezekanalo, ingawa halijafanyika bado. Tena "kutengenezeka" si "kutengenezwa". Twasema, "Mtumbwi umetengenezwa na fundi," wala hatusemi, "Umetengenezeka na fundi." Neno hili halimtaji mtenda kazi.

Mfano mwingine u papa hapa kwetu. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilijificha katika vijito vya Rufiji, mitambo yake ikiwa imeharibika. Sehemu zilizoharibika zikachukuliwa kwa nchi kavu mpaka Dar es Salaam, zikatengenezwa, zikarudishwa. Basi zilitengenezeka, lakini kwa jasho la watu wengi. Tarehe 11 Julai 1915 Waingereza waliipiga sana, na mabaharia wake wenyewe wakaizamisha. Meli haikutengenezeka tena. Lakini mizinga yake 10 iliopolewa majini, ikawekewa magurudumu, ikatumika vitani nchi kavu. Kitu kizima chaweza kuwa kimeharibika kabisa, na sehemu zake zikafaa.

Viko pia visivyotengenezeka. Wazee wetu walisema, maji yakimwagika hayazoleki. Chungu kikivunjika huwa vigae, wala hatumlaumu mfinyanzi.

Sasa turudi kwa yule mzee. Alipousikia ufa wake una dawa, aliguna, akasema, "Heri mtumbwi. Mwanangu mimi hatengenezeki." Tukamwuliza sababu. Akasema kijana aliuza nyavu zake bila ruhusa, na huu ni mwaka wa pili hawajasemezana.

Tukamwambia, "Baba, mtumbwi umeuleta kwa fundi, akaugonga na kuusikiliza kabla ya kukata neno. Na mwanao, ni nani aliyemsikiliza?"

Hapo ndipo penye hatari ya neno hili. Kwa kuwa halimtaji mtenda kazi, mtu aweza kusema "hatengenezeki" na kumbe maana yake ni "mimi sijajaribu". Kwa vitu, neno "hakitengenezeki" ni hukumu ya fundi aliyekwisha kupima. Kwa watu, tuna maneno yaliyo bora, kama "kuongoka" na "kutengenea", ambayo humwachia mtu mwenyewe nafasi ya kugeuka. Basi tusimwite mtu jina la chungu kilichovunjika kabla ya kumsikiliza.

Mzee hakutujibu. Alimlipa fundi nusu ya ujira, akakaa kimya kitambo. Kisha akauliza chombo cha Mafia chaondoka saa ngapi, maana huko ndiko aliko kijana.

Nasi twawaaga mpaka mwezi ujao, tukijaliwa.