Ukitaka kumjua rafiki, panda naye meli

Leo naomba tuliache jiji na foleni zake, twende zetu mbali, Bahari ya Mediterania, tukale ujana juu ya meli kubwa ya starehe. Usinicheke! Mambo haya si ya wazungu wazee peke yao. Wapo vijana wenzetu wanaodunduliza na kucheza upatu mwaka mzima, halafu wapo wale wenye shoga au mshikaji aliyeko majuu, ambaye siku moja anapiga simu: "Njoo bwana, tupande meli, wiki moja tu, tujirushe!"

Hapo moyo unapaa. Unaanza kuziona picha kabla hujazipiga: wewe na miwani ya jua, nyuma yako Barcelona, kesho yake Marseille, keshokutwa Naples na mlima wake wa moto. Usilolifikiria ni kwamba mtakuwa wawili ndani ya chumba kimoja kidogo, usiku saba mfululizo. Wakubwa walishasema, ukitaka kumjua mtu safiri naye. Mimi naongeza: ukitaka kumjua sawasawa, panda naye meli. Kwenye basi mkikorofishana utashuka Chalinze upande jingine. Baharini utashukia wapi?

Kinachovunja urafiki kule si mawimbi. Ni maneno ambayo yalitakiwa kusemwa nyumbani, watu wakayameza kwa aibu. Basi leo tuyaseme.

BEI NI YA WAWILI

Tuanze na mshiko, maana ndiko kasheshe linakoanzia. Bei unayoiona kwenye tangazo la meli huwa ni ya mtu mmoja, lakini imepigwa kwa hesabu kwamba chumbani mko wawili. Mwenzako akighairi dakika za mwisho, kitanda chake kinakuachia deni. Kampuni nyingi humtoza aliyebaki nyongeza ya kulala peke yake, na nyongeza hiyo inaweza kukaribia nauli nzima ya mtu wa pili. Kwa hiyo huyo rafiki si wa kupigiana naye stori tu. Ameshika nusu ya safari yako mkononi, na wewe umeshika nusu ya yake.

Halafu nauli si mwisho wa matumizi. Ukishalipa, kwa kawaida unapata chumba, chakula kwenye ukumbi mkubwa na kule kwa kujisevia, bwawa la kuogelea na maonyesho ya usiku. Pombe, soda mara nyingi, mikahawa maalumu, intaneti na matembezi ya nchi kavu huwa na bei zake. Kampuni nyingi huongeza pia ada ya huduma, yaani bakshishi ya wafanyakazi, inayohesabiwa kwa kila kichwa kwa kila siku. Wiki nzima, watu wawili, hebu piga hesabu mwenyewe.

Ujanja wenyewe ni kwamba melini hulipi kwa noti. Unapewa kadi ya chumba, unaigusisha, unapewa kinywaji, unatabasamu. Usiku wa mwisho ndipo hesabu inaletwa. Sasa kama wote wawili mliandikishwa kwenye kadi ya benki ya mmoja, patakuwa hapatoshi! Mali bila daftari hupotea bila habari. Siku ya kwanza tu nendeni kaunta, kila mtu aandikishe kadi yake na deni lake.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: kampuni kadhaa zina sharti kwamba mtu mzima mmoja akinunua mpango wa kunywa bila kikomo, basi na mtu mzima wa pili wa chumba hichohicho anunue. Fikiria wewe hunywi, kazi yako juisi na maji, halafu unalipia bia za mwenzako zisizopita kooni mwako. Ulizeni mapema kama kuna mpango wa vinywaji baridi kwa asiyekunywa.

"SINA" SI TUSI

Hapa naomba uniazime masikio vizuri. Mara nyingi katika safari ya wawili mifuko hailingani. Mmoja analipwa kwa euro, mwingine amekusanya shilingi juu ya shilingi. Mwenye nacho anasema, "Leo tukale kule juu, ni bomba." Asiye nacho anazuga, anasema poa, anakula, lakini chakula hakimshuki. Kesho hivyohivyo. Siku ya nne amechacha, amenuna, hajibu salamu, na mwenzake hajui hata kosa lake.

Ndugu yangu, kusema "sina" kabla ya kukata tiketi ni dakika mbili za aibu. Kuisema katikati ya bahari ni ugomvi. Sema waziwazi: "Mimi nina kiasi hiki, nikikimaliza nakula chakula cha bure na wewe nenda zako, tutakutana baadaye." Rafiki wa kweli ataelewa. Asipoelewa, bora umegundua ukiwa bado na pesa yako.

Na wewe mwenye nacho, kuna la kwako. Ukijitolea kumlipia mwenzako, taja mapema unalipia nini na unaishia wapi, kisha ukilipa nyamaza. Kumpa mtu chakula cha jioni halafu kumkumbusha asubuhi mbele ya wageni ni masimango, na masimango hayasahauliki hata baada ya miaka kumi.

PASIPOTI HAZILINGANI

Mwenzako aliyeko majuu huenda ameshapata pasipoti ya huko. Yeye anachagua njia kwa kuangalia uzuri wa picha. Wewe wa pasipoti ya Tanzania au Kenya unahitaji viza ya Schengen, na hapo njia ya meli ni jambo kubwa.

Meli ikizunguka Hispania, Ufaransa, Italia na Ugiriki tu, mko ndani ya Schengen mwanzo hadi mwisho. Kroatia nayo imeingia humo tangu Januari 1, 2023. Lakini meli ikikatiza kwenda Kuşadası nchini Uturuki, au Kotor kule Montenegro, kisha ikarudi Ugiriki au Italia, umetoka na unaingia upya. Viza ya kuingia mara moja itakuwa imeshamaliza kazi yake. Omba ya kuingia mara nyingi, na uliza masharti ya hizo nchi za pembeni pia.

Tangu Juni 2024 ada ya viza hiyo kwa mtu mzima ni euro 90, na unatakiwa uwe na bima ya safari ya angalau euro 30,000. Maombi hupelekwa kwa nchi ambayo utakaa siku nyingi zaidi, zikilingana ni ile utakayoingia kwanza. Sasa basi, mwambie rafiki yako asikate tiketi isiyorudishwa hela kabla viza yako haijatoka. Ukinyimwa, hasara ni ya wawili, na hapo ndipo maneno ya "wewe ndiye uliyenirubuni" huanzia.

VITANDA NA MKOROMO

Chumba cha bei nafuu hakina dirisha. Ukizima taa ni giza totoro, huwezi kujua kama kumekucha. Cha juu yake kina dirisha, na cha wenye nazo kina kibaraza cha kuotea upepo. Vyote ni vidogo ukilinganisha na hoteli, na bafu ndiyo usiseme, ukigeuka kiwiko kinagonga ukuta.

Vitanda vingi vya melini ni viwili vinavyoweza kusogezwa vikawa kimoja kikubwa. Msipotaja mapema, mnaweza kukuta mmetandikiwa kama maharusi. Andikeni tangu siku ya kukata tiketi: vitanda mbalimbali. Halafu ulizaneni bila haya, nani anakoroma? Nani hawezi kulala bila kiyoyozi? Nani anaamka alfajiri kuswali na nani anarudi disko saa tisa usiku? Heri mcheke sasa kuliko kulaumiana mkiwa hamjalala.

BANDARINI HAKUNA "NIPO NJIANI"

Tangazo linasema "Roma", lakini meli haifiki Roma. Inatia nanga Civitavecchia, yapata kilomita 70 kutoka mjini, mwendo wa saa moja hivi kwa treni. "Florence" nayo mara nyingi ni bandari ya Livorno, kilomita kama 90. "Athens" ni Piraeus, hiyo walau iko karibu, unapanda treni ya mjini. Venice ndiyo kabisa: tangu Agosti 2021 meli kubwa zimepigwa marufuku kupita mbele ya uwanja wa San Marco, kwa hiyo huenda mkashushiwa bandari nyingine na kupakiwa kwenye basi. Kule Santorini meli inasimama majini, mnashushwa kwa boti ndogo, kisha mnapanda juu kwa vibanda vinavyoning'inia kwenye waya au kwa ngazi zinazokaribia 600. Tangu Julai 2025 Ugiriki inatoza abiria wa meli hizi ada ya kushuka, na kwa Santorini na Mykonos msimu wa kiangazi ni euro 20 kwa kichwa.

Kila bandari ina saa ya mwisho ya kurudi melini, kwa kawaida nusu saa au saa nzima kabla ya kuondoka. Ukitembea na msafara uliokatiwa na meli yenyewe na mkachelewa, meli huwasubiri au kampuni inawafikisha bandari ifuatayo. Ukitembea kivyako, imekula kwako, nauli ya kuifuata meli ni juu yako.

Sasa hapo pana mtego wa marafiki. Mmoja anataka kuona magofu ya Pompeii, mji uliofukiwa na majivu ya mlima Vesuvius mwaka 79. Mwingine anataka maduka. Mnaburutana, kila mtu amenuna, mwisho mnakosa vyote viwili. Kwani nani kasema lazima mgandane kama kupe? Achaneni mchana, kutaneni jioni mhadithiane. Ila mkubaliane mambo mawili: mahali pa kukutana kama simu imezima, na saa ambayo anayewahi ataingia melini bila kumsubiri mwenzake. Ndiyo, bila kumsubiri! Wawili mkiachwa gatini hakuna wa kumsaidia mwingine. Mmoja akiwa ndani, anaweza kwenda kaunta kutoa taarifa na kuulizia pasipoti ya mwenzake.

ZOEZI SI MCHEZO

Siku ya kwanza mtaitwa kuonyeshwa pa kukusanyikia ikitokea hatari na namna ya kuvaa jaketi la kujiokolea. Utaona watu wanatega, wanakimbilia bwawani. Sisi tuliozaliwa kwenye nchi iliyozika mamia ya watu wa MV Bukoba mwaka 1996 hatuna sababu ya kutega. Na hata huko kwao yametokea. Januari 13, 2012 meli ya Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, watu 32 wakafa. Abiria waliopandia Civitavecchia jioni ileile walikuwa hawajafanyishwa zoezi. Baada ya hapo sheria za kimataifa zilibadilishwa, na tangu 2015 abiria wapya hufanya zoezi kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Nendeni pamoja, mjue wote wawili mtakimbilia wapi.

KAENI CHINI

Kwa hiyo kabla ya kununua hata miwani, kaeni chini na karatasi moja. Andikeni: kila mtu ana kiasi gani, nani anaandikisha kadi gani, akighairi mmoja nani analipa nini, viza ni ya aina gani, vitanda vikae vipi, na bandari zipi mtatembea pamoja. Inawezekana mtabishana kidogo. Bishaneni! Heri nusu shari kuliko shari kamili. Na kama karatasi hiyo ikiwashinda hapo kibarazani kwenu, mkiwa na chai na andazi, msijidanganye kwamba mtaiweza katikati ya maji mkiwa hamjalala.

Ikiwapita salama, basi pandeni. Simameni kwenye reli jioni jua likizama, mji uliouona asubuhi ukigeuka taa ndogondogo nyuma yenu, na pembeni yako yupo mtu mtakayekumbushana naye mpaka uzeeni. Raha hiyo ya kuwa wawili ndiyo mliyoifuata.

Haya, mpenzi msomaji, ngoja niishie hapa kabla mhariri hajanishusha. Tukutane wiki ijayo Mungu akipenda. Kwaheri kwa sasa!